Ni Sisi Muliombea?

Jumuiya yetu hapa Ngamiani, Tanga, husali Jumamosi saa 12:30 asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na vibaruani. Tunazunguka nyumba kwa nyumba, na Jumamosi moja ya Agosti 2025 zamu ilikuwa yangu. Nilitandika majamvi mawili uani chini ya mdimu, nikaazima benchi kwa jirani, mwanangu akawasha mshumaa ambao upepo wa baharini ulikuwa unauzima kila baada ya dakika mbili. Tukasoma Injili, tukashirikishana, tukafika kwenye maombi. Mimi ni katibu wa jumuiya, na kwa miaka mingi ombi la tatu limekuwa langu. Limeandikwa kwenye kadi, na kadi yenyewe ina doa la mafuta ya vitumbua pembeni. Nikalisoma kama ninavyolisoma siku zote: tuwaombee Wakristo wote wanaoteswa kwa ajili ya imani yao popote duniani, Mungu awatie nguvu. Tukaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Nikampa kadi aliyeketi kando yangu, tukaingia ombi la wagonjwa.

Tulikuwa na mgeni. Mama mwenzetu mmoja ana kaka yake dereva wa malori ya safari ndefu, ameoa Kongo, na mke alikuwa amekuja kumsalimia wifi yake kwa majuma mawili. Mwanamke mtulivu, kajifunga kitenge cha kahawia, rozari ya mbao mkononi. Baada ya sala, watu wakinywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao:

"Mama, ile sala ya wenye kuteswa, ni sisi muliombea?"

Sikumwelewa. Nikamwuliza, nyinyi akina nani, dada?

"Sisi wa Beni."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nilikuwa nimetoka kusali muda uleule, na nilijua kwamba niliposoma yale maneno sikuwa nimemwona mtu yeyote. Nikasema, tunawaombea wote. Akaitikia kwa kichwa. "Aksanti," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Hakukuwa na lawama ndani ya neno lile, na ndiyo maana lilinichoma.

Beni iko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya upande ule vimekuwa vikiingiliwa na wapiganaji wa ADF, kundi lililoanzia Uganda miaka ya 1990, ambalo mwaka 2019 lilijiunga na wale wanaojiita Dola ya Kiislamu. Silaha yao kubwa ni panga. Watu hukatwa shambani wakivuna kakao, hukatwa vitandani, na waliosalia huamka asubuhi kuhesabu nani hayupo. Na wiki chache tu kabla mama yule hajaketi kwenye jamvi langu, usiku wa kuamkia 27 Julai 2025, walivamia parokia ya Mwenyeheri Anuarite pale Komanda, mkoa wa Ituri, waamini wakiwa kwenye mkesha wa sala. Waliuawa watu wapatao 40. Komanda iko kwenye barabara ileile ambayo mgeni wangu huipita akienda Bunia kuuza vitenge. Anapajua. Amewahi kula pale, amewahi kusali pale.

Na mimi habari ile nilikuwa nimeisikia redioni. Nilisema masikini, nikaendelea kupepeta mchele.

Kilichonikata zaidi ni lugha. Wale watu wa Komanda walikuwa wanasali kwa Kiswahili. Salamu Maria yao ndiyo Salamu Maria yangu. Baba yetu uliye mbinguni wanalitamka kama mimi, na huenda neno la mwisho lililowatoka wengine wao usiku ule ni neno ambalo mjukuu wangu hulisema kabla ya kula. Tumezoea kufikiri wanaoteswa ni watu wa mbali wenye majina magumu. Hawa wako ng'ambo ya ziwa tu. Hata damu yetu iko kule: tarehe 7 Desemba 2017 ADF walishambulia kambi ya walinda amani pale Semuliki, wilaya hiyohiyo ya Beni, wakawaua wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14. Nchi nzima ililia. Walikuwa wamekwenda kulinda watu bila kuwauliza dini zao. Halafu miaka ikapita, majina ya kule yakatutoka, na katika jumuiya yetu yakabaki maneno mawili: popote duniani.

Nimelifikiria sana hilo "popote". Huku kwetu mtu akifiwa, hakuna anayesimama barazani kwake akasema poleni wote mliofiwa duniani. Tunaingia ndani, tunavua viatu, tunakaa chini. Tunamtaja marehemu kwa jina. Tunauliza aliumwa nini, alikesha na nani, alisema nini mwisho. Tunatoa ubani, hata kama ni shilingi 1,000 iliyokunjwa mara nne. Mtu asiyefika msibani tunamwona hana utu, na akituma salamu za jumla tunaona ni afadhali asingetuma. Sasa imekuwaje msiba wa ndugu zetu katika Kristo tumekuwa tukiupelekea salamu za jumla mwaka baada ya mwaka, tukaridhika? Waraka kwa Waebrania haukusema tuwafikirie waliofungwa kwa huruma. Unasema: "Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao." Kana kwamba. Neno hilo linanitaka niingie ndani na kuketi.

Basi nikanunua kauntabuku. Niliamua kwamba kila Jumamosi ombi la tatu litakuwa na jina, mahali na tarehe, na kwamba nitatafuta mwenyewe, nisome, niulize, nihakikishe, ndipo niandike.

Wa kwanza niliowaandika baada ya Komanda ni wale 21 wa Libya. Walikuwa vibarua wa ujenzi, watu waliokwenda kutafuta riziki ugenini kama vijana wetu wanavyokwenda Oman na Dubai. 20 ni Wakopti, Wakristo wa Misri, wengi wao kutoka kijiji cha Al-Our mkoa wa Minya, na mmoja ni Mwafrika wa Ghana, Matthew Ayariga. Walichinjwa ufukweni, na video ikatolewa tarehe 15 Februari 2015. Sijaitazama na sitaitazama. Wauaji waliitengeneza ili itazamwe. Lakini waliosikiliza wanasema wale vijana walikuwa wakimwita Yesu kwa Kiarabu: Ya Rabbi Yasua. Mwaka 2023 Papa Fransisko aliwaingiza katika kitabu cha mashahidi cha Kanisa Katoliki, ingawa wale Wakopti ni Waorthodoksi. Nadhani alitenda haki. Aliyewachinja hakuwauliza ni wa dhehebu gani.

Habari hii nilimsimulia jirani yangu, bibi wa Kidigo ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Namwita Shangazi. Ni Mwislamu wa swala tano, na adhana ya alfajiri ya msikiti wake ndiyo inayoniamsha niwahi jumuiya. Nilipofika kwenye yale maneno aliacha kukuna nazi. "Ya Rabbi," akarudia. "Si ndivyo hata sisi tunavyoita." Akanyamaza kitambo, mkono juu ya kibao cha mbuzi. Kisha akasema, "Masikini, watoto wa watu."

Baadaye nilimsimulia na habari ya Asia Bibi wa Pakistani, kwa sababu yeye na mimi tunajua habari za maji. Bomba likikauka mtaani kwetu, tunachota kisimani kwake, ndoo moja, kamba moja, na kata ya bati inayoning'inia kwenye msumari. Anakunywa yeye, nakunywa mimi, wanakunywa wapita njia. Asia Bibi alikuwa kibarua wa shambani. Juni 2009, wakichuma matunda kwenye jua kali, alichota maji akanywa, na wanawake wenzake wakasema ameyanajisi kwa kuwa ni Mkristo. Ugomvi ukazuka, na siku chache baadaye akashtakiwa kwamba alimtukana Mtume. Mwaka 2010 akahukumiwa kunyongwa. Alikaa akisubiri kitanzi hadi tarehe 31 Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipomwachia huru. Miaka hiyo yote watoto wake walikua bila mama, kwa ajili ya kikombe cha maji.

Shangazi alitazama kata yake pale msumarini. Nikaona nimalizie na upande wa pili, maana bila huo habari si kamili. Salman Taseer, gavana wa Punjab, Mwislamu, alimtetea mama yule hadharani na akauawa na mlinzi wake mwenyewe Januari 2011. Miezi miwili baadaye akauawa Shahbaz Bhatti, waziri Mkatoliki aliyekuwa akiwatetea walio wachache. Na wakili aliyesimama mahakamani hadi akaachiwa, Saif ul Malook, ni Mwislamu. Ndiyo maana katika kauntabuku yangu, chini ya jina la Asia Bibi, pameandikwa pia Taseer na Malook.

Sasa niseme habari ya kontena.

Nilikuwa nimesoma kuhusu Eritrea. Mwaka 2002 serikali ya kule iliamuru kwamba makanisa yatakayoruhusiwa ni ya Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri tu, pamoja na Uislamu. Wengine wote wafunge milango. Waliokutwa wakisali majumbani walikamatwa, na wengi wakafungiwa kwenye makontena ya chuma, haya ya mizigo ya meli. Mmoja wao ni Helen Berhane, mwimbaji wa nyimbo za Injili, aliyekamatwa Mei 2004 muda mfupi baada ya kutoa albamu yake. Alifungiwa kambi ya Mai Serwa, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ndani ya kontena, hadi alipoachiliwa mwishoni mwa 2006 akiwa amejeruhiwa vibaya. Hata Waorthodoksi walioruhusiwa hawakusalimika: Patriaki Abune Antonios alipokataa serikali kuliendesha kanisa lake, aliondolewa kwenye kiti akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwa miaka mingi, akafa Februari 2022 bila kuachiwa. Niliandika majina yote mawili kwa wino mweusi, nikapiga mstari, nikaona nimefanya kazi.

Tanga ni mji wa bandari, na kontena kwetu ni kitu cha kila siku. Kuna maduka ya kontena, vinyozi, stoo za saruji. Kaka yangu anauza vifaa vya ujenzi na stoo yake ni kontena la futi 20. Siku moja ya Novemba nilikwenda kuchukua misumari na ndoo ya rangi. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Niliingia hadi mwisho kabisa, nyuma ya mabunda ya nondo fupi, nikainama kutafuta ndoo yenye rangi niitakayo. Mara ikaja mvua ya vuli, ile inayokuja bila kubisha hodi. Kijana wa dukani akakimbia kuiokoa saruji isilowe. Akasukuma milango, akateremsha komeo, akakimbilia kibanda cha mkaa kujikinga. Hakujua kwamba nimo.

Giza lake si giza la usiku. Usiku una nyota, una mwanga wa taa ya jirani chini ya mlango. Pale nilisogeza mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Chuma kilikuwa bado na moto wa jua, na joto lilisimama palepale ndani kama mtu wa pili. Nilisikia harufu ya kutu, saruji, na jasho langu mwenyewe. Nikaenda nikipapasa hadi mlangoni nikagonga. Nikagonga tena kwa misumari. Lakini mvua juu ya bati la kontena inapiga kelele kiasi kwamba hata mimi sikusikia ugongaji wangu. Nikapiga kelele, sauti ikanirudia. Nilijaribu kuimba, kwa kuwa nilimkumbuka Helen, na ule wimbo niujuao tangu utotoni ulikatika ubeti wa kwanza. Sikukumbuka maneno. Vumbi la saruji lilikuwa kooni.

Haikupita robo saa. Mvua ikapungua, kijana akasikia, akafungua huku anatetemeka. "Shikamoo, mama. Nisamehe, mama, nilijua umeshatoka." Marahaba, nikamwambia, si kosa lako. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji mlangoni nikatazama barabara yenye madimbwi, mwendesha baiskeli akipita kajifunika mfuko wa plastiki kichwani, na nikalia mbele ya yule mtoto bila kuweza kumweleza ninachokililia. Robo saa. Naona haya kuitaja kando ya ile miaka miwili na zaidi ya Helen. Siilinganishi. Lakini tangu siku hiyo jina la Helen Berhane silisomi kwa haraka, na najua sasa kwamba mtu anaweza kugonga kwa nguvu zake zote hatua kumi kutoka kwa watu wema, wasisikie.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, ingawa lina aibu. Miaka ya nyuma nilipokea picha kwenye simu: miili imelazwa safu kwa safu, imeungua. Maandishi yalisema ni Wakristo waliochomwa moto Nigeria, sambaza kwa watu kumi. Nikaisambaza kwenye kundi la jumuiya. Baada ya dakika chache kijana wetu mmoja akaandika juu ya Waislamu maneno ambayo siwezi kuyarudia, na wengine wawili wakamuunga mkono. Jioni binti yangu akanionyesha ukweli. Picha ile ni ya Sange, Kivu Kusini, Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka likalipuka, wakafa watu zaidi ya 200. Walikuwa Wakongo, maiti wa ajali, na mimi niliwanyang'anya kifo chao nikakitumia kuwachukia jirani zangu. Wakati huohuo Nigeria ina maumivu ya kweli ambayo hayahitaji kupambwa. Leah Sharibu alichukuliwa shuleni Dapchi tarehe 19 Februari 2018, ana miaka 14, pamoja na wasichana zaidi ya 100. Mwezi uliofuata karibu wenzake wote waliokuwa hai walirudishwa. Yeye alibaki, kwa kuwa alikataa kuikana imani yake. Mtoto huyu alistahili nimtafute. Badala yake nilisambaza uongo, kwa kuwa uongo ulikuwa umeshaandaliwa na ulikuwa mkononi.

Niliomba radhi kwenye kundi. Nikaomba radhi na kwa Shangazi, ambaye hakuwa na habari hata kidogo, akanishangaa.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Nchi yetu imeonja. Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar tarehe 17 Februari 2013 akienda kuadhimisha Misa. Mei 5 mwaka uleule bomu lilirushwa kwenye parokia mpya ya Olasiti, Arusha, siku ya uzinduzi wake, wakafa watu watatu. Wengi wamesahau kwamba miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali usoni. Na kule Beni, Mei 2021, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wazi hao ADF, alipigwa risasi msikitini akiwa kwenye swala. Mama yule wa Beni ndiye aliyenitajia jina lake kwanza. Alisema walimlilia wote mjini, Wakatoliki na Waislamu.

Mtu akiniuliza kwa nini naweka majina ya masheikh kwenye daftari la Wakristo wanaoteswa, namsimulia habari za mabasi mawili ya Mandera, Kenya. La kwanza, Novemba 2014: Al-Shabaab walilisimamisha, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua 28. Miezi michache baadaye, Alhamisi Kuu ya 2015, walifanya vilevile Chuo Kikuu cha Garissa, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Lile basi la pili ni la Desemba 2015. Wauaji walipoingia na kuamuru watu wajitenge, abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wameshawavisha wenzao Wakristo hijabu zao. Waliwaambia waue wote au waache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kwake, akafa Januari 2016. Kuna watu wako hai leo, wanaenda kanisani Jumapili, kwa sababu ya mwalimu yule. Kuwakumbuka Wakristo walioteswa nikamwacha Salah Farah ni kusema uongo kwa njia nyingine.

Jumuiya yetu iko chini ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Kila mwaka ikifika tarehe 3 Juni wapo wanaochanga nauli kwenda Namugongo, ambako yeye na wenzake walichomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Tunawajua kwa majina hadi mdogo wao Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14. Kanisa letu liliwatangaza 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao 23 wa wakati uleule. Nimewauliza wenzangu: tumewezaje kuwajua kwa majina watoto wa 1886 na tusijue hata mmoja wa Komanda? Mzee mmoja akanijibu kwamba wale wa Uganda walikuwa na watu waliowaandika. Jibu lake limenikaa.

Desemba tulichanga. Ilipatikana shilingi 86,000, nyingine kwa sarafu, na Shangazi akaleta 2,000 zake akisema ni ubani, asiandikwe. Tukampa paroko azipeleke kwa njia ya shirika la Kipapa la Kanisa Hitaji. Ni kidogo, najua. Nikampigia mgeni wetu, ambaye alikuwa amesharudi kwao, kumwambia. Alishukuru, kisha akaniuliza kama anaweza kututumia kitu yeye.

Alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nyuma yake jogoo anawika na mtu anapasua kuni. Alitaja majina 11 ya watu wake: wa ukoo, wa kwaya yake, na mwalimu mmoja wa katekesi. Alitaja polepole, akinisubiri kana kwamba ananiona ninaandika. Niliurudia ujumbe mara nyingi kupata herufi sawasawa, maana baadhi ni majina ya Kinande, lugha ya watu wa upande ule wa Beni, na kwao mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Hapa nitaandika moja tu, ambalo wanalo maelfu: Masika. Ndilo jina la binti wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba nyingine, karibu na reli. Nilimpa mjukuu wangu wa darasa la tano asome ombi la tatu. Ile kadi ya zamani sikwenda nayo. Alisoma vizuri jina kwa jina, kidole kwenye mstari, hadi akafika la tisa akasimama. Akanigeukia.

"Bibi, hapa wameandika masika. Ni mvua?"

Hapana, nikamwambia. Ni mtu. Ni dada mkubwa wa wenzake.

Akaliangalia lile neno tena, akainua uso, akalisoma kwa sauti kubwa kuliko yale mengine, nasi tukaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie.